Marufuku Kugusa Maafa

Wewe unayesoma, ulimwona. Usiseme hukumwona. Picha ilikujia kwenye simu: mwanamke amesimama juu ya tuta, kuku kwapani, godoro kichwani, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yamemzunguka pande zote. Ukasema "maskini," ukasukuma kwa kidole gumba, ukamkuta bwana harusi aliyeangukia keki, na hapo ukacheka mpaka mwenzako akakuuliza unacheka nini. Yule maskini hakuwa na muda wa kukulaumu. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka godoro.

Anaitwa Maimuna Komora. Na kwa kuwa hukutaka kujua yaliyompata picha ilipokwisha kupita, utasimuliwa sasa, upende usipende.

Yalitokea katika jamhuri moja ambayo jina lake tuliache, maana lina mawakili wengi. Ni nchi nzuri. Bendera yake ni kubwa kuliko za majirani wote, na Serikali yake inawapenda wakulima kiasi cha kuwataja katika kila hotuba, hasa zile za kabla ya chakula. Ina wizara moja inayoshughulikia mambo mawili: Wizara ya Maafa na Sherehe za Kitaifa. Wageni hushangaa, lakini mantiki yake haina doa. Maafa yanataka mahema, viti vya plastiki na vipaza sauti. Sherehe nazo zinataka mahema, viti vya plastiki na vipaza sauti. Kuvinunua mara mbili ungekuwa ubadhirifu.

Wizara hiyo ina historia, na wapo wanaoikumbuka hata kama yenyewe imejisahau. Mwaka wa nzige ilileta dawa nzige walipokwisha kula, kutaga na kuhama. Mwaka wa ule ukame mkubwa ilileta mahindi, yakafika pamoja na mvua, yakaotea maguniani mbele ya ofisi ya kaunti, na Waziri wa wakati ule akaja kupigwa picha akiyapalilia. Mwaka wa homa ya ng'ombe ilileta chanjo ya kuku. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Mmoja alipandishwa cheo na barabara ikapewa jina lake, ile ile iliyosombwa na mafuriko haya tunayoyasimulia.

*

Mafuriko yalianzia bwawani, huko juu, ambako mabwana wa umeme walifungua malango bila kumwambia mtu. Serikali ilieleza baadaye kwamba maji yale yalitoka kwa Mungu. Mungu, kama ilivyo kawaida yake, hakuandika gazetini kukanusha.

Maji yakaingia Skimu ya Mpunga ya Golobani, yakakaa kama yaliyoalikwa, kisha yakaondoka na kuacha mchanga. Mchanga wa kufika magotini, kutoka mfereji mkuu hadi ukingo wa mto. Majaruba yaliyokuwa yakitoa mpunga tangu enzi za wakoloni yakawa ufuo usio na bahari.

Shamba la Maimuna lilikuwa katikati. Lilifyekwa na mavyaa wake, Bi Mwanaesha, wakati vichaka vile vilikuwa bado na viboko, naye akiwa na mimba ya mwanaume ambaye baadaye alikuja kuwa mume wa Maimuna. Yule mume keshazikwa. Mimba imepita na mtoto wake amepita. Shamba limebaki, na juu ya shamba hilo wanakula wanawake wawili na watoto watatu.

Ila kwenye skimu hakuna mwenye shamba. Ardhi ni ya Serikali, mkulima ni mpangaji tu, na mpangaji ana sheria moja aliyofundishwa kabla ya kufundishwa kupanda: siku lango la mfereji linapofungwa, wakaguzi hupita, na shamba litakalokutwa halina mpunga angalau nusu yake hurudi Serikalini. Serikali nayo humpa "anayeweza". Anayeweza hatajwi jina. Ana matrekta, ana malori, na shemeji yake yuko Wizarani.

Basi kilichokuwa kinamkosesha Maimuna usingizi ni kitu kimoja tu. Mchanga uondoke, miche iingie, kabla lango halijafungwa. Akishindwa, shamba limekwenda, na kwenda kwa shamba la skimu ni kama kwenda kwa meno ya ukubwani. Hayaoti mengine.

*

Chifu Jilo aliitisha baraza. Alikuwa mtu wa kofia na fimbo, mwenye mashamba mawili kwenye skimu hiyo hiyo, lakini akivaa kofia alisahau.

"Serikali imewaona," alisema. "Imewaona kutoka kwenye helikopta, na imesikitika kule kule juu. Kila mkulima aliyeathirika atalipwa Kifuta Machozi. Cha kuondolea mchanga, cha kununulia mbegu, na kidogo cha sabuni."

Watu wakapiga makofi. Maimuna alipiga kuliko wote, mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Lakini maafa lazima yakaguliwe kwanza. Kwa hiyo, kuanzia leo, ni marufuku kugusa maafa. Mchanga wa shambani usisogezwe. Mti ulioanguka ubaki umeanguka hivyo hivyo. Nikimkuta mtu na sepeto huko majarubani, huyo anaharibu ushahidi. Maafa haya ni mali ya Serikali."

Akanyanyuka Buya, jirani wa Maimuna, mkulima na fundi wa baiskeli za watu wote isipokuwa yake, ambayo ilikuwa haina breki, sawa na mdomo wake.

"Chifu, samahani. Na mchanga ulioko chini ya kitanda changu?"

"Huo nao ni wa Serikali."

"Basi mke wangu analala juu ya mali ya umma. Nisije nikashtakiwa mimi."

"Mwambie alale kwa uangalifu. Swali lingine?"

Maimuna akainua mkono. "Hao wakaguzi wa maafa wanakuja lini, Chifu? Lango halitungoji."

"Hivi karibuni, mama."

Katika jamhuri ile, hivi karibuni ni kipimo rasmi. Ni kirefu kuliko mimba, ni kifupi kuliko kesi ya ardhi. Watu wakaguna na kuanza kujikung'uta waondoke, ndipo Chifu akakumbuka jambo la mwisho.

"Halafu, wanaokuja ni wakubwa. Madaktari wa vitabu. Nataka kijiji king'ae. Mkiniaibisha mbele ya wageni, tutajuana."

Hakuona tatizo lolote kati ya maneno yake ya kwanza na ya mwisho. Na kusema kweli, hata watu wa Golobani hawakuliona, kwa sababu walikuwa watu wenye adabu, na adabu ndiyo iliyowaponza.

*

Golobani mgeni haonyeshwi ufa. Nyumba ikivuja, hukalishwa upande mkavu. Kuku akiwa mmoja, ndiye atakayeliwa. Mgeni akiuliza habari, habari ni njema, hata kama jeneza liko uani. Shida huelezwa baadaye: mgeni akishakula, akishanawa, akishasukutua, ndipo mwenye nyumba anakohoa kidogo na kusema, "Sasa, mgeni wetu…" Hapo ndipo msiba unatajwa, na kwa sauti ya chini. Kumtajia mtu shida akiwa na njaa ni kumwambia amekuja vibaya. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo walivyokuwa wakilea.

Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba kamati ya ukaguzi iko njiani, kijiji kizima kiliingia kazini. Mashambani hawakugusa kitu. Ushahidi ni ushahidi. Lakini majumbani na barabarani walisomba tope usiku na mchana. Kuta zilizobomoka zilikandikwa. Mawe yalipakwa chokaa. Makuti yalipindwa kuwa tao la kuingilia. Mbuzi waliazimwa kwa wafugaji wa huko mlimani, wakafungwa mahali watakapoonekana, wanene, wageni wa mahali pale sawa na kamati yenyewe.

Buya alisimama na ndoo ya chokaa mkononi, akatazama.

"Tunamwogesha marehemu," alisema, "tunampaka wanja, tunamvika kanzu. Kisha tunamwita daktari athibitishe kifo."

Bi Mwanaesha alikuwa ameinama akifagia, mgongo umepinda kama jembe lenyewe. "Wewe Buya, kwenu mgeni hupokelewaje? Huonyeshwa choo kilichobomoka?"

"Huyu si mgeni, bibi. Huyu ni mkaguzi."

"Anakuja kwa miguu yake?"

"Kwa gari."

"Basi ni mgeni mwenye gari. Fagia na upande wako."

Mapishi akapewa Maimuna. Pilau yake ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Lakini pilau inataka mchele, na mchele wake ulikuwa chini ya mchanga wa Serikali. Akaenda dukani, kwa mara ya kwanza maishani, kununua mchele wa gunia lenye picha ya tausi, uliokuja na meli kutoka nchi za watu. Alimwambia muuza duka kwa kunong'ona, kama mvuvi anayenunua samaki.

*

Kamati iliongozwa na Daktari Zakayo Lumbwi, mwenye shahada ya uzamivu katika Ukadiriaji wa Majonzi. Aliteremka garini, akavuta hewa, akasema, "Pazuri hapa." Karani wake akaandika.

Walikuwa wamekusudia kwenda mashambani. Wallahi walikuwa wamekusudia, hata mabuti walikuwa nayo, mapya, bado na karatasi ndani. Lakini mshauri wa sheria aliyefuatana nao alisoma lile tangazo la marufuku lililobandikwa mtini, akaeleza kwamba kukanyaga ni namna mojawapo ya kugusa. Kamati ikaamua kutii sheria. Ikakagua kutoka chini ya hema.

"Habari za hapa?" akauliza Daktari Lumbwi.

"Njema," wakajibu wazee, wote kwa pamoja.

Karani akaandika.

"Na maisha mnayaonaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Karani akaandika.

"Chakula je?"

"Kiko tayari. Karibuni."

Karani akaandika, akapiga mstari chini yake.

Pilau ikaja. Daktari Lumbwi alikula kwa mkono, kuonyesha kwamba ni mtu wa watu. Alipofika katikati ya sahani akainua uso, shavu limejaa. "Mama, mchele huu! Ndio wa hapa Golobani?"

Maimuna alisimama na mwiko mkononi. Ukweli ulikuwa umefika hapa, kooni. Lakini mgeni ana tonge mdomoni. Utamwambiaje mtu mwenye tonge mdomoni kwamba anachokula kimetoka dukani? Akamtazama mavyaa wake. Bi Mwanaesha akatikisa kichwa kidogo sana: bado, mwanangu, bado.

"Karibu, baba," akasema Maimuna. "Ongeza."

Daktari akaongeza. Karani akaandika: *Mavuno, mazuri sana.*

Hatimaye wakanawa. Wakasukutua. Wazee wakakaa vizuri, wakatazamana, maana saa ya shida ilikuwa imewadia. Buya, aliyeteuliwa kwa sababu ya mdomo wake, akanyanyuka na kukohoa.

"Sasa, mgeni wetu…"

Injini zikawaka. Kulikuwa na kijiji kingine kilichokuwa kinawasubiri na mbuzi wa kuchoma, na Daktari Lumbwi hakupenda kuchelewa kwenye majonzi ya watu. Vumbi likapanda, likashuka, likatua kwenye masufuria. Buya akabaki amesimama na sentensi yake.

"Lakini walikula vizuri," akasema Chifu Jilo.

*

Matokeo yalitangazwa redioni. Kamati, baada ya uchunguzi wa kina, ilikuwa imebaini kwamba Golobani imepona. Wananchi wake wanasema habari ni njema, mifugo yao imenona, na mpunga wao ni mtamu. Kwa hiyo fedha za Kifuta Machozi zisingehitajika tena huko. Zingehamishiwa idara ya pili ya wizara ile ile, kugharimia Sherehe za Siku ya Kupona.

Maimuna hakulia. Alichota mchanga wa shambani kwake, akaujaza karai, akaufunika kanga, akapanda pikipiki mpaka makao makuu ya kaunti. Ofisi ya Maafa ilikuwa na madirisha mawili. Kwenye la kwanza alikaa kijana wa tai nyekundu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukata rufaa. Maafa yangu hayakuonekana."

"Umekuja nayo?"

Akalipandisha karai juu ya meza. Kijana akachovya kidole, akasugua, akanusa.

"Mama, huu mkavu."

"Ndiyo."

"Mafuriko ni maji."

"Maji yaliondoka, mwanangu. Yaliwangoja, yakachoka."

Kijana akafikiri kwa dhati, maana hakuwa mtoto mbaya. "Basi kama ni kukauka, wewe una ukame. Ukame ni dirisha la pili."

Maimuna akatazama dirisha la pili. "Limefungwa."

"Ndiyo. Tunalifunga msimu wa mvua."

 Maimuna alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mtumbwi. "Nisikilize, mwanangu. Sitaki hata pesa. Mniruhusu tu niuondoe mchanga wenu, nipande. Lango linafungwa. Nisipopanda, mnaninyang'anya shamba."

"Ukipanda utakuwa na mazao."

"Ndilo ninalolitaka."

"Mwenye mazao hana maafa. Tutakufuta kwenye rufaa."

"Na nisipopanda?"

"Msaada ni wa wakulima, mama. Asiyepanda si mkulima."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza njia ya hospitali. Kisha akamwomba asaini kwamba amelirudisha karai la mchanga mahali alipolitoa, kwa kuwa kuuhamisha kutoka eneo la tukio lilikuwa kosa, naye hangependa mama wa umri wake apate matatizo.

*

Siku ya Kupona ilikaribia, na mahema yakaja. Yalijaa malori matano. Barabara iliyokuwa imeharibika tangu mafuriko, ikipitwa na pikipiki na magari marefu ya kamati tu, ile iliyozuia mbegu zisifike, ilitengenezwa kwa siku mbili, maana Waziri hapandi pikipiki. Mahali pa kusimika hema kuu palitafutwa, pakaonekana panapofaa kuliko kote: shamba la Maimuna. Mchanga ulikuwa umetandazika sawasawa, hauna shimo wala kisiki, ungedhani uliletwa makusudi.

Bi Mwanaesha alisimama kwenye tuta akiwatazama vijana wa mkandarasi wakipigilia vigingi vya chuma kwenye ardhi aliyoifyeka kwa panga.  Chifu Jilo akaja mbio, kofia mkononi.

"Maimuna, Daktari Lumbwi amepiga simu yeye mwenyewe. Anasema pilau iwe ile ile. Ameshamsimulia Waziri."

Maimuna akamgeukia mavyaa wake. "Mama, nipike?"

Kigingi kingine kikaingia ardhini. Bi Mwanaesha akangoja mlio uishe.

"Walikuja kwa helikopta wakatuchungulia," alisema. "Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Wakaja wakala, wakanawa, wakaondoka. Hiyo siku ya pili. Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu unampa nini?"

"Jembe," akasema Maimuna.

"Basi usiwashe moto."

Chifu alicheka, akidhani ni utani wa wakwe.

*

Waziri wa Maafa na Sherehe za Kitaifa, Mheshimiwa Tindo Makwaya, alihutubu mpaka vivuli vikahama upande. Alisema taifa linaloanguka na kuinuka ni bora kuliko taifa lisiloanguka kabisa, kwa kuwa hilo halina uzoefu. Alisema mafuriko ni maji yaliyokosa uongozi. Alisema katika ziara zake duniani hajawahi kuona wananchi waliopona haraka kama hawa, tena bila gharama yoyote kwa Serikali, na kwamba wataalamu kutoka nje watakuja kujifunza Golobani namna ya kupona.

"Na kwa kuwa mmepona," alimalizia, "hakuna sababu ya ardhi kulala. Sheria ya lango iko pale pale. Jumatatu wakaguzi watapita. Shamba litakalokutwa tupu, tutampa mwekezaji anayeweza. Huo ndio upendo wetu kwa kilimo."

Makofi yakatoka kwenye viti vya mbele, vile vyenye vitambaa.

Ndipo mshereheshaji akatangaza chakula. Watu wakubwa wakakunja mikono ya mashati. Daktari Lumbwi akamnong'oneza Waziri, akamwonyesha kwa kidevu. Maimuna alikuwa anakuja kati ya viti, amevaa doti mpya, amebeba kitu juu ya sinia, kimefunikwa kawa. Nyuma yake Bi Mwanaesha na birika la kunawia, maana adabu ni adabu.

Akapiga goti. Akafunua.

Lilikuwa jembe. Jembe lake mwenyewe, mpini umelainika kwa viganja, bapa limeliwa na ardhi mpaka likabaki nusu.

"Mheshimiwa," alisema, na kipaza sauti kikaidaka sauti yake, "kwetu mgeni akifika siku ya tatu huenda shambani na wenyeji. Shamba lenyewe ndilo hili ulilosimama juu yake. Njaa yetu tulikuficha kwa sababu ulikuwa mgeni. Ule mchele ulitoka dukani. Sasa umekuwa mwenyeji, kwa hiyo…"

Mtu wa mitambo alikuwa na akili nyepesi. Kipaza sauti kikafa.

Waziri akalitazama jembe. Akalitazama tena. Kisha uso ukamkunjuka, akalinyanyua juu kwa mikono miwili kama kombe, na wapiga picha wakaja kama siafu.

"Mama amenizawadia," akatangaza kwa kipaza sauti chake, ambacho hakikuwa kimekufa. "Amenitawaza mkulima wa heshima wa Golobani. Nimepokea, mama. Nimepokea kwa niaba ya taifa zima."

"Si zawadi," akasema Maimuna. "Ni la kulimia."

"Anasema limetoka moyoni," akaeleza Daktari Lumbwi.

Viti vya mbele vikasimama na kupiga makofi. Msafara ukaondoka na njaa yake, na Waziri akaondoka na jembe. Sasa limetundikwa ukutani ofisini kwake, kati ya picha ya Mkuu wa Nchi na saa isiyotembea, na kila balozi anayepita husimuliwa jinsi wakulima wanavyompenda.

*

Mahema yalipokwisha kung'olewa, Maimuna alirudi shambani kwake. Hakuwa na jembe. Alikuwa na lile karai la rufaa, na kifuniko cha sufuria. Akapiga magoti karibu na mfereji, akakwangua, akajaza karai, akaenda kulimwaga kule tutani. Akarudi. Bi Mwanaesha akaja na kata la nazi. Buya akaja na sepeto la kuazima, na mkewe, na mlango wa bati wa kusombea. Mkulima mmoja wa ng'ambo ya mto naye akaja. Yeye mchanga haukumfika sana, akaleta miche ya mpunga iliyozidi kitaluni kwake, imefungwa mafungu kwa nyuzi za migomba.

Walikuwa wamefika kwenye udongo mweusi, udongo wenyewe, unaonuka kama zamani, Chifu Jilo alipotokea.

"Nani amewaruhusu? Mnagusa maafa ya Serikali."

Buya hakuacha kuchota. "Maafa gani, Chifu? Si ulisikia redioni? Tumepona."

"Marufuku haijafutwa."

"Marufuku ni ya kugusa maafa. Waziri mwenyewe amesimama hapa hapa akasema hakuna maafa. Sasa wewe unasema yapo? Unampinga Waziri hadharani?"

 Chifu akautazama mchanga, akautazama udongo mweusi. Akageuka akayatazama mashamba yake mawili, meupe, yamelala chini ya jua, ambayo Jumatatu yangekwenda pamoja na mengine, kofia ama bila kofia.

"Nitaandika ripoti," alisema.

"Andika."

"Kalamu imeisha wino."

"Basi shika upande huu wa bati. Ni zito."

Akashika.

Hawajamaliza. Hili ndilo unalopaswa kulisikia, kwa sababu hapa hadithi haiko nyuma yako, iko mbele. Wamefungua robo ya shamba la Maimuna, na sheria inataka nusu. Robo hiyo imeshapandwa, miche imesimama kwenye maji, myembamba kama nywele za mtoto. Mashamba mengine hayajaguswa hata kwa kidole. Trekta la mwekezaji limekwisha kuegeshwa kwenye daraja, dereva amepewa posho, na nyuma yake yamejipanga malori matupu, kwa kuwa mchanga ule, ambao Maimuna alitishiwa kushtakiwa kwa kuubeba kwenye karai, una soko zuri sana mjini kwa wajenzi wa maghorofa.

Wakaguzi wanapita Jumatatu asubuhi. Leo unajua ni siku gani.

Usimwonee Maimuna huruma, anayo ya kutosha, aliletewa na helikopta. Usitume kikatuni kinacholia. Usiandike "inasikitisha". Barabara ni nzima, wamemtengenezea Waziri, hata gari dogo linapita. Mikono yako miwili naiona, imeshika karatasi hii ambayo ingeweza kushikwa na msumari. Simama. Ita na jirani yako, yule mnayechekeana asubuhi bila kujuana jina. Njoo Golobani, ukifika usiulize habari, hakuna atakayekujibu njema, na usitegemee pilau. Pita moja kwa moja mpaka kwenye mfereji, utamkuta mwanamke amepiga magoti anakwangua mchanga kwa kifuniko cha sufuria.

Mletee jembe. Kisha shika na wewe la kwako, ulime.